Chimbuko na Njia: Tahakiki ya Marejeo ya Kipunjabi na ya Masingasinga kwa Mtafiti wa Magharibi ya Kenya

Makala haya yametokana na swali la seremala. Nilikuwa Endebess, kilomita kama 20 kutoka Kitale katika barabara iendayo Suam mpakani mwa Uganda, nikingoja mbao za rafu yangu ya vitabu zipigwe randa. Mzee aliyekuwa akiifanya kazi hiyo, alipojua kwamba kazi yangu ni lugha, aliniuliza bila kuinua kichwa: "Hili neno randa, mwalimu, ni la nani?" Nikamjibu upesi, kama tujibuvyo sisi watu wa vyuo, kwamba ni la Kihindi. Akacheka kidogo. "Wahindi ni wengi," akasema. "Mimi nilifundishwa kazi na mzee aliyefundishwa na Singasinga wa Kitale. Huyo Singasinga na mwenye duka la nguo hawakuwa na lugha moja ya nyumbani." Nilikosa la kusema. Aliyoyanena ni kweli, na kila mwanafunzi wa isimu anayajua. Ila marejeo niliyoyazoea hayakunipa njia ya kumjibu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikivipitia vitabu ambavyo mtafiti wa sehemu hizi angevihitaji iwapo angetaka kuandika juu ya Kipunjabi na juu ya Masingasinga waliokizungumza hapa. Sikusudii kuviorodhesha vyote, kwani orodha ni kazi ya mkutubi. Nakusudia kuvipima kwa swali moja tu: je, vinatuonyesha jinsi neno, au mtu, alivyofika Endebess? Katika kufanya hivyo nitatenga mambo mawili ambayo marejeo yetu aghalabu huyachanganya, yaani chimbuko la neno na njia ya neno. Chimbuko ni lugha ambamo neno lilizaliwa. Njia ni vinywa lilivyopitia hata likafika kwa anayelitumia.

Yafaa kwanza kukumbusha historia kwa ufupi. Reli ya Uganda ilijengwa kati ya mwaka 1896 na 1901 kwa mikono ya vibarua wa mkataba 31,983 kutoka Bara Hindi, na wengi wao walitoka Punjab. Kati yao 2,493 walifariki, na 6,724 walibaki Afrika ya Mashariki mikataba yao ilipokwisha. Si wote waliokuwa Masingasinga. Walikuwamo Waislamu wengi wa Kipunjabi, na Wahindu pia, na jambo hili yatupasa kulishika, maana atafutaye Kipunjabi miongoni mwa wenye vilemba peke yao ameacha nje sehemu kubwa ya wasemaji wake. Baadaye walifuata wengine waliokuja kwa nauli zao wenyewe, mafundi wa mbao, wa chuma na wa mawe. Tawi la reli lilifika Kitale mwaka 1926. Mashamba ya Trans Nzoia yalikuwa ya walowezi wa Kizungu, na Wahindi hawakuruhusiwa kuyamiliki, msimamo uliothibitishwa na Waraka wa Devonshire wa 1923. Basi fundi wa Kipunjabi aliishi mjini, akaenda shambani kutengeneza trekta, paa au mlango wa mtu mwingine, akiwa na msaidizi Mbukusu au Msabaoti kando yake. Hakuwa na lugha ya kumwelekeza msaidizi huyo isipokuwa Kiswahili. Hapo ndipo habari yetu inapoanzia: chini ya gari na juu ya dari.

Jina lenyewe la watu hawa ni somo. Kiswahili kina Singasinga na kina Kalasinga. Kuhusu hili la pili, husimuliwa nchini Kenya kwamba latokana na jina la mfanyabiashara mmoja wa mwanzoni, Kala Singh, ambaye wateja wake waliligeuza jina lake kuwa jina la jamii yake nzima. Naipokea hadithi hii kama hadithi; ni ya kuaminika, kwa kuwa ndivyo majina ya namna hii yafanyikavyo. Lile la kwanza halina fumbo: Singh ni sehemu ya jina la kila mwanamume wa dini hiyo, na maana yake ni simba. Hapa pana mtego ambao nimewaona wanafunzi wakiuingia kwa furaha. Singh na simba hufanana kwa sauti na kwa maana, na Joginder Singh, dereva aliyeshinda mashindano ya magari ya Safari mwaka 1965, 1974 na 1976, aliitwa Simba wa Kenya, jina lililokaa kama kwamba lilitabiriwa. Lakini simba ni neno la Kibantu, nalo lina ndugu zake katika lugha nyingi zisizowahi kukutana na Mhindi yeyote. Singh latokana na Kisanskriti. Kufanana kwao ni sadfa tupu. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu sehemu kubwa ya yanayosemwa mitaani juu ya maneno ya Kihindi katika Kiswahili ni ya aina hii, na si ya mitaani tu.

Tuitazame sasa rafu ya kwanza, ile iliyoandikwa Punjab kwenyewe au kwa ajili ya Punjab. Juu kabisa huwekwa Mahan Kosh ya Kahn Singh Nabha, iliyochapishwa mwaka 1930, ambayo ni kamusi na pia ensaiklopidia ya fasihi ya Masingasinga. Kisha kuna ensaiklopidia ya Usikh katika majuzuu manne iliyohaririwa na Harbans Singh na kutolewa na Chuo Kikuu cha Kipunjabi, Patiala, kati ya 1992 na 1998. Kuna bibliografia ya Punjab ya Ganda Singh (1966), na mwongozo wa N. Gerald Barrier (1970) wa vitabu na vijitabu vya Masingasinga vilivyotoka kati ya 1849 na 1919. Kwa lugha ya kitabu kitakatifu, Christopher Shackle wa London alitoa faharasa ya maneno ya Guru Nanak mwaka 1981 na kitabu cha kufundishia lugha hiyo takatifu mwaka 1983. Hizi ni kazi za wanazuoni wa kweli, na asomaye habari za dini hawezi kuzikwepa.

Hata hivyo, kwa swali la seremala zinafaa kidogo sana. Mahan Kosh iliandikwa ili msomaji aelewe maandiko na historia ya imani yake. Lugha ya maandiko hayo si Kipunjabi cha karakana. Ni lugha ya kishairi ya karne nyingi zilizopita, iliyochanganya maumbo ya sehemu mbalimbali za kaskazini ya Bara Hindi. Mwanafunzi wetu akilitafuta humo jina la chombo cha useremala, hata akilipata, atalipata kwa sababu Guru au mshairi alilitumia kwa mfano. Ni kama mtu atafutaye majina ya sehemu za jahazi katika tenzi za dini peke yake: huenda akayapata machache, lakini si kwa kuwa mtunzi alikusudia kumfundisha ubaharia.

Marejeo yanayofaa zaidi ni yale ambayo wengi huyapita kwa kuyadhani yamezeeka. Mwaka 1895, yaani mwaka mmoja tu kabla reli yetu haijaanza, ilichapwa Lahore kamusi ya Kipunjabi ya Maya Singh. Hiyo ni kamusi ya lugha ya kila siku, na ni ya kizazi kilekile kilichopanda meli Karachi kuja Mombasa. Kamusi mpya haiwezi kushika nafasi yake, kwani mtafiti wetu hahitaji kujua Kipunjabi cha leo. Anahitaji kile kilichoshuka bandarini. Kabla ya hiyo kuna kitabu cha Baden-Powell juu ya ufundi na sanaa za Punjab, cha mwaka 1872, nacho kina faharasa ya istilahi za mafundi katika lugha zao. Nilipokuwa mwanafunzi hakuna aliyenitajia kitabu hicho, na sishangai, kwani katika maktaba huwekwa pamoja na vitabu vya maonyesho ya biashara. Kilitungwa na ofisa wa serikali ya kikoloni kwa haja za serikali hiyo, na majina yameandikwa kwa masikio ya Kiingereza. Kwa vyovyote, ndicho kitabu pekee katika rafu hii ambacho seremala wa Endebess angejikuta humo.

Upande wa sarufi mambo ni afadhali. Juzuu ya tisa ya uchunguzi wa lugha za Bara Hindi wa Grierson, sehemu ya kwanza (1916), yaeleza lahaja. Sarufi ya Gill na Gleason (1963) ni ya kiisimu kwa mtindo wa wakati wake, kavu lakini ya kutegemewa. Linalotuhusu zaidi ni toni. Kipunjabi ni lugha yenye toni, jambo lisilo la kawaida miongoni mwa jamaa zake, na Grahame Bailey alilionyesha wazi katika kitabu chake cha fonetiki cha 1914. Sauti ambazo Kihindustani huzitamka gh, dh na bh mwanzoni mwa neno, Kipunjabi huzitamka k, t na p, na pumzi iliyopotea huacha toni ya chini nyuma yake. Farasi, ambaye huandikwa ghora, husikika kora yenye toni ya chini. Hati ya Gurmukhi haiandiki toni. Huendelea kuandika ile gh ya zamani, na msomaji hujua mwenyewe. Kwa hiyo kila kamusi inayofuata hati, na ya Maya Singh ni mojawapo, humficha msomaji wa nje sauti halisi.

Hapa naomba niruhusiwe kusema jambo dogo la kando. Hudhaniwa kwamba mwanafunzi wa Kiafrika anayekwenda kusoma Kipunjabi anaanza nyuma ya mwenzake ajuaye Kihindi. Kwa toni ni kinyume. Kijana wa Endebess aliyelelewa katika Kibukusu au Kisabaoti, lugha zote mbili zikiwa na toni, ana sikio ambalo msemaji wa Kihindi hana, na ambalo sisi tuliolelewa katika Kiswahili pia hatuna. Idara zetu hazijaitumia faida hii.

Rafu ya pili ni ya Kiswahili. Kamusi ya Madan ya 1903, ya Johnson ya 1939 iliyotokana nayo, na zile za Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili kuanzia 1981, zote hutambua kwamba Kiswahili kimekopa kutoka Bara Hindi, na huwa zinaweka alama. Alama hiyo ni moja: Kihindi. Chini yake hukaa pamoja Kihindustani, Kigujarati, Kikachi, na, pengine, Kipunjabi. Ni kama kamusi ya Kihindi ingeandika "Kiafrika" mbele ya kila neno lililotoka Kiswahili, Kizulu au Kihausa. Tungelalamika, na kwa haki. Kazi iliyokwenda mbali zaidi ni ya Abdulaziz Lodhi, mzaliwa wa Zanzibar aliyefundisha Uppsala, juu ya athari za lugha za mashariki katika Kiswahili (2000). Lodhi anazijua lugha hizi kwa ndani, na anazitenganisha pale ambapo waliomtangulia walizirundika. Nina moja tu la kumdai, nalo si kosa lake: kitovu cha kazi yake ni mwambao, mahali ambapo Wagujarati na Wakachi walifanya biashara karne nyingi. Bara, mafundi wa Kipunjabi walitangulia mahali pengi, na Kiswahili cha bara hakijapata Lodhi wake.

Je, fonetiki pekee yaweza kututengea maneno haya? Kwa kiasi. Kamusi linganishi ya Turner ya lugha za Kihindi-Kiarya (1962 hadi 1966), ambayo kwa maoni yangu ndiyo rejeo muhimu kuliko yote kwa kazi hii, huweka maumbo ya lugha hizi bega kwa bega, na tukiyatazama huko twaona mengi. Gari kwa Kihindustani ni gari yenye r ya kukunja ulimi. Kwa Kipunjabi cha kawaida ni gaddi, yenye d nzito iliyokazwa. Kama tungelipata kutoka kinywa cha Kipunjabi tungetazamia gadi. Dobi, bangi na bajia huanza kwa sauti ghuna, ilhali Kipunjabi kingetupa kitu kama tobi na pangi. Na kuhusu bajia, Mpunjabi huita chakula kama hicho pakora, jina la Wagujarati likiwa ndilo lililoshinda kwetu. Maneno haya basi, kwa umbo lake, si ya Kipunjabi.

Lakini kipimo hiki kina hatari mbili, na ya kwanza ni ya Endebess hasa. Kisabaoti, kama lugha nyingine za Kikalenjin, hakitofautishi sauti ghuna na sauti si ghuna kama Kiswahili kifanyavyo. Katika lugha hizo gari lenyewe huanza kwa k. Kibukusu nacho hakina d wala g isipokuwa baada ya nazali. Mtafiti mgeni akimsikia mzee wa Endebess akitamka "topi" kwa maana ya dobi, ataruka kwa furaha akidhani amepata alama ya toni ya Kipunjabi iliyosalia chini ya Mlima Elgon. Hajapata kitu, ila matamshi ya Kisabaoti. Lugha mbili zilizo mbali kabisa zimefika mahali pamoja kwa njia zake zenyewe, na hakuna rejeo lolote katika rafu zote mbili linalomwonya, kwa kuwa waandishi wa Punjab hawajui Kisabaoti, na waandishi wa Kiswahili hawajui toni za Kipunjabi.

Hatari ya pili ni kubwa zaidi, na ndiyo iliyonirudisha kwenye maneno ya seremala. Tuseme tumethibitisha kwamba gari kwa umbo ni la Kihindustani. Je, tumethibitisha kwamba Wapunjabi hawakulileta? Hatujathibitisha. Katika kitabu cha Patterson juu ya simba wa Tsavo (1907) kuna tafsiri ya utenzi mrefu uliotungwa mwezi wa Januari 1899 na fundi mmoja wa reli aitwaye Roshan, mwenyeji wa wilaya ya Jhelum. Jhelum ni Punjab. Roshan hakuuandika utenzi wake kwa Kipunjabi. Aliuandika kwa Kihindustani. Basi huyu hapa Mpunjabi, fundi, tena Mwislamu, akiwa Tsavo, akishika kalamu kwa lugha isiyo ya nyumbani kwake, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa lugha ya kambi na ya maandishi. Kama yeye alisema gari badala ya gaddi alipokuwa na msaidizi Mkamba, basi chimbuko la neno ni Kihindustani na njia yake ni Mpunjabi. Alama ya "Kihindi" katika kamusi haiwezi kubeba mambo hayo mawili, na hata alama sahihi zaidi ya "Kihindustani" ingemfuta Roshan asionekane.

Rafu ya tatu ni ya Kenya. Hapa vitabu si haba. Mangat aliandika historia ya Waasia wa Afrika ya Mashariki (1969). Parminder Bhachu alifuata mafundi wa jamii ya Ramgarhia kutoka Afrika ya Mashariki hadi London katika kitabu chake cha 1985, na ndiye anayetueleza vizuri kwamba hao ni watu wa koo za maseremala, wahunzi na waashi, si wakulima kama Masingasinga waliokwenda sehemu nyingine za dunia. Bila Bhachu hatungejua kwa nini Kitale ilipata mafundi badala ya wakulima wasio na mashamba. Cynthia Salvadori aliandika juu ya tamaduni za Waasia wa Kenya mwaka 1983, kisha mwaka 1996 akatoa majuzuu matatu ya masimulizi ya familia zenyewe, na huo ni mkusanyo ambao nauonea wivu. Ila karibu yote yaliyosimuliwa humo yametufikia kwa Kiingereza. Tunajua babu alifika mwaka gani na alifungua karakana wapi. Hatujui aliiitaje nyundo, wala alimwitaje kijana aliyemshikia ubao.

Juu ya lugha yenyewe, tuna sura za Barbara Neale katika kitabu cha Whiteley juu ya lugha nchini Kenya (1974). Neale aliuliza nani husema lugha gani, na nani, wapi, naye alikipa Kipunjabi mahali pake kando ya Kigujarati na nyinginezo. Kazi yake ilifanyika mwishoni mwa miaka ya 1960, na yapaswa isomwe kwa kuikumbuka tarehe hiyo. Mwaka 1967 zilipitishwa sheria za uhamiaji na za leseni za biashara, ambazo ziliwabana wasio raia na kuwazuia kufanya biashara nje ya maeneo yaliyotajwa. Uingereza nayo ilifunga mlango kwa sheria ya 1968, na hofu ya mlango huo ndiyo iliyowaharakisha wengi. Vituo vidogo vya bara ndivyo vilivyoguswa kwanza. Hivyo Neale alipiga picha ya nyumba wakati mizigo ilikuwa ikifungwa, na hakuna aliyerudi kupiga nyingine.

Nimeacha mwisho mkusanyo ninaouona kuwa wa thamani kuliko vitabu hivi vyote, nao si kitabu. Makhan Singh, mzaliwa wa wilaya ya Gujranwala, alifika Nairobi mwaka 1927, akaunda chama cha wafanyakazi mwaka 1935, akadai uhuru wa nchi hizi hadharani mwezi wa Aprili 1950, na akafungwa kizuizini tangu mwaka huo hadi 1961. Historia yake ya vyama vya wafanyakazi (1969) husomwa na wanahistoria, na Zarina Patel ameandika maisha yake (2006). Lakini Makhan Singh alikuwa pia mshairi wa Kipunjabi, na alikuwa mtu asiyetupa karatasi. Hati zake zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na miongoni mwa karatasi za vyama alivyoviongoza mna matangazo yaliyoandikwa kwa lugha zaidi ya moja ili kila mfanyakazi asome, Kipunjabi na Kiswahili zikiwamo. Wanahistoria wamezitumia kwa tarehe na majina. Mwanaisimu angezitazama kwa jicho jingine: humo mna mtu mmoja, kwa mwaka mmoja, akilisema jambo moja kwa Kipunjabi na kwa Kiswahili. Mgomo kauitaje? Mshahara je? Fundi na kibarua kawatenganishaje katika lugha hizo mbili? Hayo ndiyo maswali ambayo kamusi zote nilizozitaja haziwezi kuyajibu, na majibu yake yamo chini ya paa moja na idara zetu.

Wako watakaouliza kwa nini jarida la lugha za Kiafrika lijishughulishe na Kipunjabi. Mwaka 2017 serikali ya Kenya iliwatambua Wakenya wenye asili ya Kiasia kuwa kabila la 44 la nchi. Sisemi kwamba tangazo la serikali hugeuza aila ya lugha. Kipunjabi ni Kihindi-Kiarya na kitabaki hivyo. Nasema kwamba Kipunjabi kilichosemwa Kitale kwa miaka mingi kilibadilika kwa kusemwa Kitale. Wasemaji wake walipohamia Uingereza walikwenda na kisu, sufuria, fagio, mogo na jugu katika mazungumzo ya jikoni, na waliotoka Punjab moja kwa moja hawakuwaelewa. Hakuna kamusi ya Patiala inayoyatambua maneno hayo, wala hakuna kamusi ya Kiswahili inayoonyesha kwamba yalitoka nje kwa mlango huo. Wazee waliokuwa vijana Kitale kabla ya 1967 sasa ni wenye umri mkubwa sana, walioko Kenya na walioko ng'ambo, na wasaidizi wao wa Kibukusu na Kisabaoti ni wazee vilevile. Makumbusho ya Kitale, yaliyofunguliwa mwaka 1974, yalijengwa juu ya mkusanyo wa mlowezi mmoja aliyependa vipepeo na vitabu. Madaftari ya karakana hayajampata mpenzi kama huyo.

Nilimrudia seremala. Nilikuwa nimelipata neno lake. Randa latokana na Kiajemi, lipo katika Kihindustani na katika Kipunjabi kwa umbo lilelile, na limo katika kamusi ya Madan ya 1903, iliyotokana na Kiswahili cha Unguja, zaidi ya miaka 20 kabla reli haijafika Kitale. Nakiri kwamba nilikuwa nimetumaini jibu jingine. Ningependa kuandika kwamba randa ni zawadi ya Kipunjabi kwa bara, na ushahidi umenikataza. Nilimweleza yote hayo. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. "Basi lilikuwako Unguja," akasema. "Lakini mimi Unguja sijafika."

Nadhani amesema jambo ambalo watunga kamusi wetu wanaweza kulifanyia kazi bila kungoja fedha wala kamati. Tuchukue neno karai, ambalo mwashi wa Endebess hubebea zege. Kidahizo chake kingetaja kwanza chimbuko: Kisanskriti kataha, chombo cha kuchemshia. Kisha maumbo ya karibu: Kihindustani na Kipunjabi karahi, na katika Kipunjabi ile h hupotea na kuacha toni. Kisha matumizi kwa waliolileta: sufuria pana la kukaangia, ambalo limezaa pia jina la ule utamu wa unga, samli na sukari unaogawiwa kila mtu aingiaye hekalu la Masingasinga, awe wa dini yoyote. Kisha matumizi yetu: jikoni, na kwenye ujenzi. Na mwisho, katika mstari wake peke yake, njia: nani alilisikia, kwa nani, wapi, mwaka gani, akifanya kazi gani. Kwa karai mstari huo ungali mtupu. Kwa randa, katika nakala yangu ya Johnson, nimekwisha kuujaza kwa penseli: Endebess, kutoka kwa mwalimu wake, naye kutoka kwa fundi Singasinga, Kitale, kazi ya milango.